Mtoto wa Mbwa Nyumbani: Wakati wa Kumfungia na Wakati wa Kumwacha Huru

Katika vijiji na mitaa mingi, mtoto wa mbwa huingia nyumbani bila maandalizi. Mbwa wa jirani amezaa, watoto wamebembeleza, au mkuu wa kaya ameona kwamba mji wake unahitaji mlinzi. Kabla jua halijazama siku hiyohiyo, swali huibuka: mnyama huyu afungiwe, au aachwe atembee anakotaka?

Kaya nyingi hujibu kwa njia moja kati ya mbili. Baadhi humfungia kutwa nzima katika banda lenye giza, kwa imani kwamba mbwa asiyeona watu huwa mkali, na kwamba ukali ndio ulinzi. Nyingine humwacha azunguke jikoni, vyumbani, uani na hata barabarani, kwa hoja kwamba bado ni mdogo na hana madhara. Njia zote mbili zina gharama, na mara nyingi anayeilipa gharama hiyo ni mtoto wa nyumba hiyo au wa jirani.

Somo hili linaeleza njia ya tatu. Uhuru wa mtoto wa mbwa hutolewa kidogokidogo, kwa kuzingatia mambo matatu: nani anamwangalia, amekwisha kujifunza nini, na amekingwa dhidi ya nini. Neno "nyumbani" hapa lina maana ya nyumba pamoja na ua wake. Zipo kaya ambazo, kwa sababu za imani au za usafi, mbwa haingii kabisa ndani ya vyumba. Kwa kaya hizo, yote yanayoelezwa hapa hufanyika barazani na uani, na kanuni hazibadiliki.

Umri na mahitaji yake

Mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa haoni wala hasikii. Macho hufunguka katika wiki ya 2, na meno ya utotoni huanza kuchomoza yapata wiki ya 3. Anapaswa kubaki na mama yake hadi atimize angalau wiki 8. Katika kipindi hicho hujifunza kutoka kwa mama na ndugu zake jambo ambalo binadamu hawezi kumfundisha kwa urahisi, yaani kipimo cha kung'ata. Akimng'ata ndugu yake kwa nguvu, mchezo hukoma. Naye hujifunza kulegeza taya. Kumchukua akiwa na wiki 4 au 5 ni kumnyima funzo hilo.

Kuanzia wiki ya 3 hadi karibu ya 14, akili yake iko wazi kupokea ulimwengu. Anachokutana nacho kwa amani katika wiki hizo hukihesabu kuwa cha kawaida maisha yake yote. Utafiti uliofanyika Bar Harbor, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1961, ulihusu watoto wa mbwa waliolelewa katika uwanja wenye uzio bila kukutana na watu. Wale waliokutanishwa na binadamu mapema waliwazoea. Wale waliokaa hadi wiki ya 14 bila kuwaona walibaki na woga mkubwa, na hawakuzoeleka kama wenzao.

Hapa ndipo imani ya banda lenye giza inapoporomoka. Mbwa aliyefungiwa mbali na watu tangu utotoni hawi mlinzi, huwa mwoga. Mbwa mwoga hatofautishi mwizi na mwanafunzi anayeokota mpira wake uani, kwa kuwa wote wawili ni vitisho kwake. Mlinzi mwema ni yule anayewafahamu watu wa nyumbani, akawazoea wageni wanaokaribishwa, na kwa sababu hiyo akatambua jambo lisilo la kawaida linapotokea usiku.

Hata hivyo, umri huohuo ndio wenye hatari nyingi kwa anayeachwa bila uangalizi. Mtoto wa mbwa huchunguza dunia kwa mdomo. Atatafuna waya wa umeme, kandambili, chambo chenye sumu ya panya na mfuko wa dawa ya kuulia wadudu wa shambani. Ataweka mguu kwenye jiko la mkaa. Kati ya miezi 4 na 6 meno yake 28 ya utotoni hudondoka na kupisha 42 ya ukubwani, na hamu ya kutafuna huongezeka zaidi. Anaweza pia kuambukizwa parvo, ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa kwa siku chache, na ambao virusi vyake hudumu ardhini kwa miezi mingi baada ya mbwa mgonjwa kupita.

Maswali matatu ya kujiuliza

Kabla ya kufungua mlango wa banda, mwenye mbwa ajiulize maswali matatu.

La kwanza: nani anamwangalia sasa hivi? Kuwapo kwa watu nyumbani hakutoshi. Mama anayepika na kumnyonyesha mtoto hamwangalii mbwa. Mwangalizi ni mtu mmoja anayejulikana, ambaye macho yake yako kwa mnyama na anaweza kumfikia kwa hatua chache. Mtoto mdogo hahesabiwi kuwa mwangalizi.

La pili: amejisaidia lini mara ya mwisho? Kipimo kinachotumika sana ni umri wake kwa miezi, ukiongeza saa moja. Mwenye miezi 2 anaweza kujizuia kwa takribani saa 3, na mwenye miezi 3 kwa saa 4. Huo ni upeo, si lengo. Akiwa macho na akicheza, muda huwa mfupi zaidi. Aliyetoka kujisaidia nje anaweza kupewa nafasi ndani. Ambaye hajajisaidia apelekwe nje kwanza.

La tatu: kitu gani kiko mbele ya mdomo wake? Kama kuna sumu, waya, jiko linalowaka, vifaranga au chakula cha mtoto aliyeketi chini, kiondolewe au mbwa afungiwe.

Majibu yote matatu yakiwa mazuri, aachwe huru. Hata moja likikosekana, akae mahali pake.

Mahali pa kumfungia

Kumfungia kusiwe adhabu. Mahali hapo ni kitanda chake, na pawe na staha ya kitanda. Pawe na nafasi ya kutosha kusimama bila kuinama, kugeuka, na kulala akiwa amejinyoosha. Kwa aliye mdogo, eneo lisiwe kubwa kupita kiasi: mbwa kwa asili hapendi kuchafua anapolala, lakini akipewa chumba kizima atalala kona moja na kujisaidia nyingine.

Hapahitajiki gharama kubwa. Kona ya baraza iliyozibwa kwa mbao mbili imara inatosha kwa majuma ya mwanzo. Banda la mbao lenye upande mmoja wa wavu wa chuma litamfaa hadi akue. Sakafu iinuliwe kidogo kutoka ardhini ili maji ya mvua yasiingie, paa litoe kivuli mchana kutwa, na hewa ipite. Banda la mabati pande zote, likiwa juani, linaweza kumuua kwa joto kabla ya adhuhuri. Ndani pawe na maji safi katika chombo kizito kisichopinduka, gunia safi au nguo kuukuu ya kulalia, na kitu cha kutafuna kama kipande cha kamba nene. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, kwa sababu hupasuka vipande vikali vinavyoweza kuchoma utumbo.

Upande wenye wavu uelekee penye shughuli za nyumba. Akiwa ndani aone watu wakipita, asikie bodaboda, mashine ya kusaga na kelele za watoto, na awaone kuku bila kuwafikia. Hivyo hata muda wa kufungiwa huwa muda wa kujifunza.

Mtoto wa mbwa asifungwe mnyororo. Shingo yake ni laini, mnyororo huweza kumnyonga akijizungusha, na mnyama aliyefungwa shingo hujihami kwa meno kwa kuwa hawezi kukimbia. Kwa miji isiyo na uzio, atolewe akiwa na ukanda mpana wa shingoni na kamba ndefu nyepesi, huku mwisho wa kamba ukiwa mkononi mwa mtu mzima.

Siku moja ya mtoto wa mbwa mwenye wiki 10

Chukulia kaya yenye wazazi wawili, bibi, na watoto watatu, wawili wakiwa wanafunzi. Mtoto wa mbwa hulala usiku kwenye boksi au kreti karibu na mlango wa chumba cha bibi, ili asikike akilia. Saa 8 usiku akianza kunung'unika, hupelekwa nje, hujisaidia, na kurudishwa bila mchezo wala mazungumzo.

Saa 12 asubuhi hutolewa tena, kabla ya jambo lingine lolote. Hula, na ndani ya robo saa hadi nusu saa baada ya kula hupelekwa palepale pa kujisaidia. Afanyapo hivyo husifiwa papo hapo. Baada ya hapo hupata uhuru wa uani kwa muda wa nusu saa, wakati baba anafagia na kumtazama. Saa 1:30 wanafunzi wanaondoka na mama anawasha jiko: hurejeshwa bandani, naye hulala. Hilo lisimsumbue mtu, kwa sababu mtoto wa mbwa hulala hadi saa 18 au zaidi kwa siku, na asiyepumzika huwa msumbufu na mwepesi wa kung'ata kama mtoto mchanga aliyekosa usingizi.

Saa 4 hutolewa, hujisaidia, hucheza na bibi barazani, kisha hurudi. Mzunguko huo hurudiwa saa 7 na saa 10. Jioni wanafunzi wakirejea ndipo uhuru huwa mrefu kuliko wote, mtu mzima akiwapo: watoto humpapasa, mgeni humsabahi, kuku hupita naye huzuiwa kuwakimbiza. Chakula cha mwisho hutolewa saa 12 jioni, na safari ya mwisho ya nje saa 3 usiku.

Jumla ya saa za kufungiwa katika mfano huu ni nyingi, lakini hakuna kipindi cha mchana kinachozidi saa 3. Kumtoa alfajiri, kumfungia hadi magharibi, na kumtoa tena humfundisha kujichafulia na kulia bila kikomo. Kaya ambayo hakuna anayebaki nyumbani mchana imwombe jirani wa kumtoa, au isubiri kufuga mpaka hali iruhusu.

Kupanua uhuru hatua kwa hatua

Uhuru huongezwa kwa kuangalia tabia, si kalenda pekee. Anza na eneo moja, kwa mfano baraza. Akikaa humo wiki 2 bila kuchafua wala kuharibu kitu, mbele ya macho ya watu, ongeza uani. Akifanikiwa uani, ongeza chumba cha kwanza, kama kaya inaruhusu. Baada ya hapo jaribu kumwacha peke yake kwa dakika 10, kisha nusu saa, kisha saa moja. Akikosea, usikasirike, rudi hatua moja nyuma kwa siku kadhaa. Kosa lake huonyesha kwamba uhuru ulitolewa mapema kuliko uwezo.

Mbwa wengi hawako tayari kuachwa huru bila uangalizi ndani ya nyumba kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Baadhi hufikia hapo mapema, wengine huchelewa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Nao hawakusema akunjwe kwa siku moja.

Makosa matatu hurudisha nyuma kazi yote. La kwanza ni kumtupa bandani kwa hasira baada ya kuharibu kitu. Tangu siku hiyo banda litakuwa jela na ataliogopa. La pili ni kumpiga au kumsugua pua kwenye haja yake; hujifunza kujisaidia mafichoni, nyuma ya kabati, na kumwogopa mwenye mkono. La tatu ni kumfungulia kila anapolia kwa kutaka mchezo. Kama amekwisha kujisaidia, ameshiba na hana maumivu, subiri anyamaze hata kwa sekunde chache, kisha mfungulie. Kilio kisichokoma, au cha mnyama asiyekula, ni dalili ya ugonjwa na kinahitaji mtaalamu.

Mlango wa ua na kichaa cha mbwa

Kuna mpaka mmoja ambao uhuru wa mtoto wa mbwa usiuvuke peke yake: mlango wa ua. Anayezurura mitaani hukutana na mbwa wasiojulikana, na miongoni mwa magonjwa anayoweza kuja nayo nyumbani limo lile la kuogopwa kuliko yote, kichaa cha mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, ugonjwa huu karibu kila mara huua. Duniani, hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa, na takribani asilimia 40 ya watu wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15.

Wananchi wengi humwogopa mbwa mkubwa anayetokwa na mate, lakini hawamshuku mtoto wa mbwa. Naye anaweza kuambukizwa na kuambukiza. Jino lake jembamba huacha alama ndogo ambayo mtoto huificha kwa kuogopa kukaripiwa, na siku za tiba zikapita. Kwa hiyo watoto waelekezwe kwamba kung'atwa au kukwaruzwa husemwa siku hiyohiyo, na anayesema haadhibiwi.

Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa kuanzia umri wa miezi 3 na hurudiwa kadiri mtaalamu anavyoelekeza. Wakati wa kampeni za chanjo, Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa mbwa wenye umri mdogo zaidi wachanjwe pia. Hivyo wasiachwe nyumbani. Kinga huchukua takribani wiki 4 kujengeka baada ya sindano ya kwanza, na katika muda huo asitolewe kuzurura. Akihitaji kuona dunia, abebwe mikononi. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi unaweza kukatika. Kila kaya inayomficha mbwa wake hupunguza hesabu hiyo kwa hasara ya wote.

Mtu aking'atwa na mbwa yeyote, mkubwa au mdogo, hatua ni hizi:

1. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15.
2. Aliyeng'atwa apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo.
3. Jeraha lisipakwe majani, mafuta, majivu wala pilipili.
4. Mbwa anayeonekana mzima asiuawe kwa haraka. Kama anapatikana kwa usalama, afungiwe na achunguzwe na mtaalamu wa mifugo kwa siku 10. Tiba ya aliyeng'atwa isisubiri matokeo hayo.
5. Taarifa itolewe kwa Ofisa Mifugo wa kata na kwa uongozi wa kijiji au mtaa.

Minyoo nayo isisahauliwe. Minyoo ya mbwa huweza kumwingia mtoto anayechezea udongo wenye kinyesi. Dawa huanza kutolewa mtoto wa mbwa akiwa na wiki 2, na hurudiwa kila wiki 2 hadi atimize wiki 12, kwa kipimo cha mtaalamu. Kinyesi kizolewe kila siku na kifukiwe mbali na kisima na mahali pa kuchezea.

Wajibu wa mmiliki

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze. Ustawi huo hupimwa duniani kwa misingi mitano: mnyama asipate njaa na kiu, asikae katika usumbufu, asiachwe na maumivu, jeraha au ugonjwa, aweze kuishi kwa tabia zake za asili, na asiishi katika hofu. Banda la giza la kutwa huvunja zaidi ya msingi mmoja kati ya hiyo. Mbwa anayezurura bila chanjo huvunja haki ya mwingine, yaani jirani anayepaswa kupita njia kwa amani.

Mwananchi anayetarajia kufuga, au ambaye tayari ana mtoto wa mbwa, anashauriwa kumwona Ofisa Mifugo wa kata yake ili kupata ratiba ya chanjo na dawa za minyoo, pamoja na maelekezo ya sheria ndogo zinazohusu mbwa katika eneo lake. Kadi ya chanjo itunzwe pamoja na nyaraka nyingine za kaya. Septemba 28 ya kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, nayo ni tarehe nzuri ya kila kaya kuikagua kadi hiyo.

Maswali ya kujipima

1. Mtoto wa mbwa mwenye miezi 3 amefungiwa tangu saa 2 asubuhi, na sasa ni saa 8 mchana. Ni kosa gani limetendeka, na lingezuiwaje?
2. Nyumbani wapo watu watano, lakini kila mmoja ana shughuli yake. Je, mtoto wa mbwa aachwe huru? Kwa nini?
3. Mbwa wa miezi 5 alikaa barazani wiki 2 bila kosa, akaongezewa uani, na siku ya kwanza akafukuza kuku. Hatua inayofuata ni ipi?
4. Mtoto wa miaka 6 ana alama ndogo ya jino mkononi. Mama anasema mbwa mwenyewe ni mdogo wa wiki 11, hana neno. Taja mambo mawili ya kufanya kabla ya jua kuzama.

Familia iyasome maswali haya pamoja, watoto wakiwapo. La nne lijibiwe na wao kwanza, kwa kuwa siku likitokea, huenda wao ndio watakaokuwa wa kwanza kujua.